Kompresa ya Tatu

Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara zilipofunguliwa kwa wote, na pale Lushoto kila mtu alikuwa na kampuni. Watu waliokuwa wakiuza kabichi kando ya barabara walichonga mihuri, wakajiita wakurugenzi. Kampuni iliyoniajiri mimi ilikuwa ya kuchimba vito huko chini, bonde la Umba, kwenye joto, lakini ofisi yake ilikuwa huku juu kwetu kwenye baridi. Nilikuwa karani wa hesabu. Nilikuwa msichana wa kwanza kijijini kulipwa mshahara kwa kukaa kwenye kiti, na mama yangu hakuacha mtu asilijue hilo.

Kila robo mwaka nilimwandalia mkurugenzi karatasi yenye safu mbili. Safu ya kwanza ilikuwa fedha iliyoingizwa na mgodi wenyewe, baada ya kuuza mawe na kulipia vibarua, dizeli na unga. Ya pili ilikuwa fedha iliyokwenda kwenye vitu vya kudumu: kompresa za kusukumia hewa kwenye mashine za kutobolea mwamba, jenereta, lori, barabara ya kufikia mashimo. Ukizilinganisha unajua kama mgodi unajilisha au unalishwa.

Mwaka wa kwanza sikushtuka. Sisi watu wa milimani tunajua kwamba ukikata matuta kwenye mteremko, msimu wa kwanza unatoa jasho tu, huvuni kitu. Kilichonishtua ni kuona safu ya pili inapanda na ya kwanza inashuka. Kompresa ya pili ilinunuliwa wakati ya kwanza imelala kwa kukosa dizeli. Jamani! Na pengo lile lilizibwa kwa hisa, na hisa walinunua wakulima wa kwetu, kwa fedha za viazi na karoti, na wengine kwa fedha za mbao za Shume.

Nilimpelekea mkurugenzi karatasi, nikamwonyesha kwa kidole. Akacheka.

"Binti, mtoto mchanga unataka akachote maji?"

Nikamwambia, "Mzee, mtoto huyu kila tukimpima amepungua."

Hapo hakucheka. Aliniambia karatasi za ofisi ni siri, na kwamba wasichana wenye cheti cha uhasibu wamejaa tele Tanga, wanasubiri kuitwa tu.

Lakini nasi wenyewe, Mungu atusamehe, tulikuwa na kosa letu. Kwetu mtu anayeonekana anachimba na kujenga anaaminiwa kuliko anayeonekana anakula. Basi lori lilipopita sokoni limebeba mashine mpya chini ya turubai, dereva akipunguza mwendo makusudi, watu waliacha kupima viazi wakasimama kutazama. Kesho yake foleni ya hisa ilifika barazani. Hakuna aliyeuliza mashine imenunuliwa kwa fedha gani. Ilinunuliwa kwa fedha yao ya miezi mitatu iliyopita.

Baba yangu alikuwa kati ya waliosimama siku ilipopita kompresa ya tatu. Jumamosi ile tukiwa tunapalilia, akaniambia amepata mtu wa kununua shamba la bondeni, na fedha yote anaiweka kwenye kampuni. Niliacha jembe. Mashamba ya mlimani yanangoja mvua, lakini la bondeni lina maji mwaka mzima, na ndilo lililotusomesha.

"Baba, usiweke hata senti," nilisema. "Wao wanavuna tenga moja, wanapanda matenga matatu. Hayo mawili wanayatoa ghalani kwa jirani."

Aling'oa magugu mawili matatu. "Haya," akasema, "nimesikia." Nikamwapisha asimwambie mtu yeyote, hata mama, maana kazi ingeota mbawa. Baba alikuwa mtu wa kiapo, akanyamaza kweli.

Shamba lililopakana na letu lilikuwa la mjane niliyemwita shangazi, ingawa hatukuwa ndugu wa damu. Nilipokuwa mdogo, mama alilazwa hospitali miezi minne, na mwanamke huyu ndiye aliyenibeba mgongoni kwenda bondeni na kurudi. Wiki iliyofuata alikuja ofisini na mapeasi kwenye kanga.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo na kazi za watu?"

Akakaa ukingoni mwa kiti, akashusha sauti, akaingia Kishambaa. Alikuwa amepata mnunuzi wa shamba lake, mfanyabiashara wa mboga. Alichoachiwa na mumewe ni shamba lile tu, na watoto wawili walikuwa wanaingia sekondari. "Wewe ndiye unayeandika humu," akasema. "Niambie kama ambavyo ungemwambia mama yako. Niweke?"

Mlango wa mkurugenzi ulikuwa wazi nusu. Karatasi yenye safu mbili ilikuwa mezani, chini ya kiwiko changu. Nikamjibu kwa Kiswahili, tena kile cha ofisini.

"Kampuni inapanuka, shangazi. Si umeiona mashine mwenyewe?"

Akanishukuru. Alinishukuru, jamani! Akaniachia mapeasi yote pamoja na kanga yake, akasema nitamrudishia siku nikipita.

Nilijipoza kwa kusema mtu mzima huyu, akili ni nywele, kila mtu ana zake. Uongo mtupu. Ningeweza kutoka naye mpaka barabarani nikamwambia huko, mkurugenzi asisikie. Niliogopa kurudi kushika jembe, basi. Nilijichukia siku ile ile, nikaendelea kupokea mshahara.

Kampuni haikumaliza mwaka. Vibarua walipanda mlima kwa miguu kuja kudai malipo yao, kompresa zote tatu zikauzwa kwa bei ya kutupa ili walipwe, na mkurugenzi akaenda Dar es Salaam kutafuta mbia, asirudi. Kazi niliyoilinda ikaisha, na jembe nililolikimbia nikalishika.

Msimu wa kabichi mama alitafuta vibarua wa palizi. Shangazi alikuwa mmoja wao. Tukapangwa tuta moja, mimi na yeye, tukapalilia mpaka katikati.

"Baba yako naye alishapata mteja," akasema, jembe likiendelea. "Alinieleza mwenyewe. Kisha akaacha, asiseme kwa nini. Nani alimkataza?"

Sikuwa na mkurugenzi wa kumwogopa tena. "Mimi, shangazi."

Jembe lake likasimama. Nilitegemea matusi, na ningeyapokea yote. Alinitazama, akasema taratibu, "Kumbe ulijua kusema."

Akapalilia mpaka mwisho wa tuta. Ujira wake akaupokea kwa mama, akaenda zake.

Kesho yake hakuja kwetu. Alikuwa upande wa pili wa mpaka, anapalilia kwa yule mfanyabiashara wa mboga, kibarua katika lililokuwa shamba lake. Nilisogea mpaka ukingoni nikamwamkia. Hakuitikia. Nikaamkia tena, kwa sauti zaidi, "Shikamoo, shangazi," na vibarua wenzake wote wakainua vichwa kunitazama. Yeye hakuinua.