Fundi Anayefukuzwa Kazi na Mama Yake

Saa mbili asubuhi, fundi cherehani anashona pindo la sketi ya shule. Upande wa pili wa sketi hiyo hiyo, mama yake, aliyeketi kwenye kigoda, analifumua kwa ncha ya sindano. Binti anavuta huku, mama anavuta kule.

"Umeshona ovyo," mama anafoka. "Mwanangu akiona kazi hii, nitauficha wapi uso wangu?"

Mwanawe ndiye huyo anayefokewa.

"Kwake mimi ni kibarua," fundi anamweleza mwandishi wa habari aliyemtembelea, akicheka kidogo. "Juzi kanifukuza kazi asubuhi, mchana akaniajiri tena. Nikamshukuru. Ningekwenda wapi?"

Mama ndiye aliyemfundisha kazi, katika chumba hiki hiki cha mbele cha nyumba yao. Mshono ukipinda, aliufumua bila kusema neno na kumrudishia aanze upya. Sasa ugonjwa wa kusahau umemnyang'anya majina na sura za watu, lakini kufumua bado anakumbuka, na anafumua kweli kweli.

Kinachomchanganya binti ni kwamba mama si kila mara anakosea.

"Kuna siku anaharibu nguo nzima iliyo sawa, nakaa nalia. Siku nyingine naangalia alipofumua, naona kweli nilipinda. Sasa nimkataze au nimwambie asante? Hata sielewi."

Wateja hawana subira ya kuelewa hayo. Karibu nusu yao wamehamia kwa fundi wa ng'ambo ya barabara.

Kaka yake mkubwa, dereva wa lori, ameshakata shauri: Jumamosi anakuja kumchukua mama akaishi kwake, ambako mkewe anashinda nyumbani. "Utaanguka, mdogo wangu," alimwambia kwenye simu. "Mwache aje huku, nawe upumue."

Fundi hajui ashike lipi. Pasi ikiwa ya moto amekubali, ikipoa ameghairi. Mwishowe, mbele ya mwandishi, anasimamisha cherehani amuulize mwenyewe.

"Mama, ungependa kwenda kukaa kwa kaka?"

"Mama yako nani hapa? Shona!"

Fundi anavuta pumzi, kisha anauliza tena kama kibarua. "Samahani, bosi. Nasikia Jumamosi unahama. Utakwenda?"

Mama anaweka sindano chini. "Niende wapi? Binti yangu katoka mara moja tu. Arudi akute nimefunga mlango? Mimi siondoki hapa mpaka arudi."

Fundi anainamia sketi na kuanza kulishona upya pindo lililofumuliwa.

Kabla ya mchana ameshampigia kaka yake: Jumamosi aje, ale, azungumze na mama, kisha arudi kwake peke yake. Amepanga pia kushona vitambaa chakavu kila asubuhi, makusudi vimepinda, bosi apate cha kufumua na sare za watu zipone.

Kama itasaidia, hajui. Ila kuna jambo ameanza kulifanya kila anapotoka kununua uzi.

"Nikirudi nabisha hodi kwa nguvu, nyumbani kwangu mwenyewe," anasema. "Ananijibu, 'Kibarua, umechelewa.' Sawa tu. Lakini siku moja nataka nibishe hodi, ainuke, aseme, 'Mwanangu, umerudi.'"