Bastola ya Kuanzisha Mbio

Miaka michache iliyopita, Mwalimu Katunge alipigwa risasi mchana kweupe katika duka la nguo huko Kangundo. Alikuwa amekwenda kumnunulia bintiye Mumo sweta ya shule. Majambazi watatu waliingia, wakaamuru kila mtu alale chini. Katunge alilala. Hata hivyo mmoja wao alifyatua bunduki, na risasi ikampasua bega la kushoto.

Madaktari wa Machakos waliitoa, na baada ya miezi miwili kidonda kikafunga. Hofu haikufunga. Mabati ya nyumba yakialika kwa joto la saa sita, Katunge hujitupa sakafuni. Mumewe Justus alizoea kukohoa kabla ya kuingia chumbani, asije akamshtua.

Aliporudi shuleni, alirudia kazi yake ya kufundisha michezo. Siku ya mashindano, hakuna aliyemwonya kwamba mbio zingeanzishwa kwa bastola ya baruti. Mlio ulipotoka, alijikuta kifudifudi kwenye nyasi, mikono kichwani, sketi imelowa mkojo. Watoto wengine walicheka.

"Siendi tena," alimwambia Justus jioni ile. "Niko na aibu."

"Waache wacheke. Wao hawakuwa mle dukani."

Juma lile lile Pauline, muuguzi aliyekuwa akimsafisha kidonda, alikuja kumwona.

"Mwalimu, ukipiga makofi wewe mwenyewe, unashtuka?"

"Hapana, sista. Hayo najua yanakuja."

"Basi tuanzie hapo."

Justus akamrandia vipande viwili vya mbao. Nyuma ya jiko, Katunge akavigonganisha polepole kama mtu anayebisha hodi. Siku ya kwanza alitapika. Siku ya tatu alimwomba Justus amshike kiuno. Iliwachukua miezi minne kufikia mlio wa kuwatimua kuku wa jirani, na kuna siku alizitupa mbao kichakani akaingia ndani kulia.

Mwaka uliofuata aliomba mbio zianzishwe kwa mbao. Mwalimu mkuu akakubali. "Lakini si ni wewe utapiga?"

Wasichana wanane waliinama mbele yake wakimsubiri. Mgongo ulimlowa jasho, kovu likawaka kama limewekewa kaa la moto. Alitamani mtu aseme mvua inakuja, waahirishe.

"Kwenye mstari! Tayari!"

Akagonga. Wasichana wakachomoka. Alibaki wima. Alianzisha mbio tano. Ya sita alimwachia mwalimu mwingine, akaenda kuketi peke yake nyuma ya madarasa.

Anafundisha michezo hadi leo. Duka lile la Kangundo hajaliingia tena. Akilikaribia huvuka barabara, amemshika Mumo mkono kwa nguvu.

"Mama, unaniumiza," mtoto husema.

"Pole," humjibu, bila kulegeza.