Sura ya Salamu

Kwenye meza ya vitabu vya mitumba pale Nakasero, jijini Kampala, askari mmoja alikuwa akirudisha riwaya iliyotungwa kutokana na tamthilia ya televisheni, ile ya wasafiri wa sayari za mbali. Riwaya za namna hiyo mimi naziita makombo ya televisheni, kwa hiyo nilisogea nimsikilize mwenzangu akiilalamikia.

"Kwa televisheni wakifika tu, risasi inaanza," alimwambia muuzaji, mama Mkongomani. "Hapa kwa kitabu, sura nzima wanajificha wanaangalia vile wenyeji wanasalimiana. Ni usingizi tu."

Mama alilifuta jalada kwa ncha ya kitenge chake. "Afande, hiyo sura mimi nilirudia kuisoma. Huyu mwandishi alishafika ugenini."

Akaeleza. Alipokuwa mgeni Kampala, alimwona mwanamke akipiga magoti ghafla mbele ya mzee, kando ya barabara. Akadhani ameanguka. Akatupa mzigo wake, akamkimbilia, akamshika makwapani, akamwinua.

"Watu wote waligeuka kunitazama. Yeye akaniangalia tu, akapiga magoti tena, akamaliza salamu yake."

Askari alinyoosha mkono, akakichukua kitabu, akakifungua pale pale kilipomchosha, akaanza kusoma amesimama.

Mimi nilivuka kwenda sokoni. Mama mmoja muuza ndizi za matooke alikuwa amepiga magoti vumbini, akimsalimia mteja wake taratibu. Nimezaliwa Mengo, humu jijini, na nimezeekea hapa hapa. Nilisimama nikamtazama kana kwamba ni mimi niliyeshuka jana kutoka angani.