Yavuyavu wa Uvira na Maji ya Keshero

Wanaonifahamu hapa Keshero, mtaa wa mji ulio kati ya volkano na ziwa, huniita Mama Furaha. Mume wangu alifariki wakati wa uasi wa 1998. Mwaka uliofuata, nikiwa na miaka thelathini na minne, niliingia darasa la watu wazima, nikaongoza katika biolojia.

Somo nililojivunia ni la yavuyavu mdogo wa Ziwa Tanganyika, maana marehemu alikuwa amenionyesha kiumbe huyo kwao Uvira. Ana umbo la mwavuli, upana wa sarafu, hana mfupa wala damu. Nyuzi zake huchoma vijidudu anavyokula, lakini hazimdhuru mtu. Watoto wake huchipuka mwilini mwake, kisha hujitenga. Ndani ya bilauri sikumwona, mpaka mume wangu alipoweka kitambaa cheusi nyuma yake.

Alhamisi, tarehe 17 Januari 2002, volkano ilipasuka. Lava ilipita katikati ya mji, nasi tukakimbilia Gisenyi, ng'ambo ya mpaka. Tuliporudi Jumapili, mabomba yalikuwa yamekauka. Nikachota maji katika ziwa la hapa kwetu. Yalikuwa maangavu kabisa.

Binti yangu Furaha akasema, "Mama, tutie kloro kwanza, ile dawa ya maji. Bale ba musaada ku kivuko banaigawa bure."

"Inanuka. Na mu hii maji hamuna kitu, nimeangalia."

"Umeangalia na macho tu!"

"Mwenye alisoma biolojia ni nani, mimi ao weye?"

Furaha akachemsha maji yake pembeni. Mimi nikanywa bilauri mbili.

Jumatano alfajiri nilianza kuharisha maji meupe kama ya kuoshea mchele. Kufikia saa nne nilikuwa nimeacha kuhesabu. Misuli ya miguu ilikaza, sauti ikakauka, macho yakazama. Furaha alinibeba mgongoni hadi kwenye hema la wagonjwa wa kipindupindu. Walinilaza juu ya kitanda chenye tundu katikati, ndoo chini yake. Muuguzi alinifinya ngozi ya mkono, ikabaki imesimama kwa kukosa maji. Akaniwekea seramu, yaani dripu, mikono yote miwili.

"Mama, kunywa na hii maji ya chumvi na sukari," akasema muuguzi.

"Nitatapika."

"Tapika, kisha unywe tena. Mutoto wako hana baba. Unataka abakie na nani?"

Nikanywa. Siku ya pili nilikojoa, na muuguzi akapiga makofi kana kwamba nimejifungua. Siku ya tano nilirudi nyumbani kwa miguu yangu.

Namshukuru Mungu, muuguzi yule, na mgongo wa binti yangu. Mwalimu wa biolojia hakunidanganya, mimi ndiye niliyesahau nusu ya somo. Nilishika jina na chakula cha yavuyavu, nikasahau bilauri ile ya Uvira iliyoonekana tupu, kumbe yavuyavu yumo.

Januari 2025 vita vilipoingia mjini, mabomba yalikauka tena. Jirani alipita na bidoni ya maji ya ziwa, akaniambia, "Angalia, mama, inang'aa!"

Sikuangalia. Nilimwita Furaha alete kloro.