App ya Dhahabu Jikoni kwa Mama

Mikono ina malengelenge na mgongo unauma, ila naandika leo leo, kabla wenzangu shuleni hawajaongeza chumvi.

Nilipakua app ya kutafuta dhahabu kwenye simu ya Mama. Ni ya Kiswahili na haili bando, nikaona ndiyo ya kubaki nayo. Simu ilikuwa imejaa, nikafuta ile ya masomo.

Mimi huwa siongei, lakini app ilipolia jikoni nilipiga kelele hadi Baba akatoka na sururu. Baba ni mchimbaji hapa Mwakitolyo, na siku hizi duara lao, yaani shimo lao la kuchimbia, halitoi kitu.

"Una hakika, mwanangu?"

"Watu wameisifia sana, Baba."

Akaacha zamu yake. Tukavunja sakafu ambayo Mama aliisiriba juzi tu.

Shimo likanifika kifuani. App ililia nikiwa juu, karibu na kichanja cha vyombo. Nikishuka nayo, inanyamaza. Nikasema dhahabu itakuwa imezama zaidi. Baba akaendelea kuchimba, maskini.

Mama akarudi kutoka kisimani, majirani nyuma yake. Hakufoka.

"Nipe simu yangu."

Akaisogeza kwenye kikaango cha chuma. Ikalia. Akaisogeza kwenye panga. Ikalia.

"Baba Kulwa, mbona tulikuwa matajiri siku zote!"

Majirani wakaangua kicheko. Baba aliketi ukingoni mwa shimo, akafuta jasho, akaniuliza taratibu kama hiyo app ina sehemu ya kufukia.