Nguo Nilizomvalisha Mzee Elieza Melini

Kisa hiki huwa nakisimulia nikitazama pembeni, maana nimeshapita arobaini na bado sijapata namna ya kukieleza nikatoka msafi. Nimezunguka sana, nimelala Tanga, Nairobi, Kisumu na mahali ambapo hata majina nimeyasahau, lakini aibu kubwa ya maisha yangu niliibeba mwenyewe kutoka Same, imekunjwa vizuri ndani ya sanduku la bati.

Enzi hizo Mwingereza bado yupo, mimi nimeacha shule ya sekondari kabla ya kumaliza (miguu ilikuwa inawasha), na nampenda Nakunda, binti wa Mzee Elieza wa Shighatini. Mzee alikuwa na shamba la kahawa, uzee wa kanisa na maneno machache. Hakunichukia, ila kila nikimwamkia, "Shikamoo, baba," aliitikia, "Marahaba," kisha akauliza, "Na safari hii umetokea wapi?" Nikajua posa yangu bado ina kazi.

Bahati ikaja kwa barua. Eliamani, kaka yake Nakunda, alikuwa mwalimu Bukoba na alikuwa anaoa, akawakatia wazazi na dada yake tikiti za daraja la pili katika meli ya kutoka Kisumu, na mwishoni akaandika kwamba chakula cha jioni melini watu huvaa nguo maalumu, tafadhali msije na za shambani. Mzee aliisoma barua mara mbili, akanitazama juu ya miwani.

"Mbonea, wewe umekaa na Wazungu. Jioni mezani huwa wanavaa nini?"

Ningesema sijui, leo ningekuwa nasimulia habari nyingine. Lakini mimi nilijua, au nilidhani najua, kwa sababu nilipata kuwa msaidizi wa mpishi katika kambi ya mpima ardhi mmoja Mzungu kule tambarare karibu na ziwa Jipe, na kila jioni, jua likizama, yule bwana na mkewe walioga, wakabadili nguo, wakaja mezani wamevaa suruali pana za milia na koti la kitambaa hichohicho, juu yake joho refu lililofungwa mkanda, na miguuni mabuti yanayofika magotini. Hata alipokuja mgeni wao kutoka Moshi naye alivaa vivyo hivyo. Mimi nikishaondoa sahani nilirudi jikoni, sikuwahi kuona kilichoendelea hemani. Kwa hiyo nilimweleza Mzee yote, mpaka rangi ya milia.

Akafikiri. "Basi utakwenda nasi, tikiti yako juu yangu. Ukinifikisha kwa wakwe wa mwanangu na heshima yangu nzima, tukirudi njoo na wazee wako."

Sikulala kwa furaha. Tuliteremka Same siku chache kabla ya treni, nikampeleka kwa fundi aliyeshonea kwenye kibaraza cha duka la Mhindi. Tukachagua flana ya milia ya bluu, na majoho tukayakata kwenye mablanketi mazuri ya kijivu (mabuti tulikosa, tukachukua ya mpira, yale ya mvua). Fundi alipima huku akinitupia jicho.

"Suruali ya mezani, mbona kiunoni unataka kamba?"

"Ili mtu akishiba ailegeze," nikamwambia, na Mzee akatikisa kichwa kwa kuridhika, kama mtu aliyeanza kuuelewa uzungu.

Nakunda ndiye aliyegoma.

"Na mimi nivae suruali?"

"Mke wa mpima ardhi alivaa."

"Basi kamwoe yeye. Mimi nitavaa gauni langu la kanisani."

Mama Eliamani, mama yao, alikubali joho tu, juu ya gauni lake, kwa kuwa lilitia joto.

Tukapanda treni, siku zikapita, tukafika Kisumu na kuingia melini. Saa moja jioni kengele ikagongwa. Nilitangulia mimi, milia yangu imenyooshwa kwa pasi, nyuma yangu Mzee na mabuti yake yakilia kwap kwap juu ya mbao, nyuma yake Mama ndani ya blanketi, na mwisho kabisa Nakunda, hatua nyingi nyuma, kama mtu anayesafiri peke yake. Nikasukuma mlango. Ukumbi mzima ulikuwa umevaa suti na tai. Makarani wa Kigoa, tai. Mfanyabiashara wa Kihindi, tai, mkewe ndani ya sari inayometameta. Kijiko cha mtu kikaanguka mahali fulani na hakuna aliyekiokota.

"Mbona wanatutazama?" Mzee akaninong'oneza.

"Hawakutegemea, baba," nikasema, na hilo lilikuwa neno la kweli la mwisho nililosema mpaka Bukoba.

Tukakaa. Mhudumu akaja, akaniinamia sikioni kwa huruma. "Samahani, ndugu. Mzee anaumwa?"

Hapo ndipo nilipogundua kwamba zile ni nguo za kitandani. Nikawaza Shighatini, nikawaza wazee wangu wakirudishwa mlangoni, na mdomo ukajibu wenyewe.

"Kidogo."

"Nini?"

"Tumbo."

"Na mama?"

"Na yeye."

"Na wewe?"

"Linaanza."

"Na huyu dada?"

"Huyu ndiye anayetuuguza."

Nilidhani atatuonea huruma na kutuletea chakula haraka. Kumbe watu watatu wanaoumwa tumbo katika meli moja ni hofu ya kipindupindu, jambo linalofika kwa nahodha. Kabla supu haijapoa tulihamishiwa vyumba vya mwisho, kamba ikafungwa kwenye korido asipite mtu, na masanduku yetu yakachukuliwa kwenda kufukizwa dawa. Tukaletewa uji bila chumvi. Nakunda, kwa kuwa muuguzi anahitaji nguvu, aliletewa samaki, wali na tambi tamu, akala polepole kwenye korido ambapo niliweza kumwona.

"Kumbe daraja la pili ni uji," Mzee akasema.

"Wakubwa huanza na uji, baba."

Asubuhi ukaja uji. Mchana, uji. Jioni Mzee akatazama bakuli kwa muda mrefu.

"Na humalizia na nini?"

Nikamsogezea na bakuli langu. Nakunda alikuwa ameshasikia yote kwa mhudumu, lakini alifuta mdomo tu, akarudia samaki wake. Alitaka kuona nitafika wapi.

Nilifika Bukoba. Meli ilisimama mbali kidogo na gati, ikapandisha bendera ya manjano, ile ya kuonya kuna ugonjwa, na pale ufukweni tuliona watu wamejaa, wanawake wamevaa vizuri, ngoma ziko tayari, na Eliamani mbele yao na suti yake. Walikuwa wametujia sisi. Boti ikamleta daktari, akapanda na mkoba wake, akamshika Mzee mkono.

"Umeanza kuumwa lini?"

"Mimi?" Mzee akasema. "Mimi nina njaa."

Wote wakanigeukia. Nikasema yote, kuanzia Jipe hadi tumbo, nahodha akiwa mlangoni na Nakunda nyuma yake. Daktari alicheka mpaka akakaa kitandani. Alipopata pumzi akatueleza kwamba porini Wazungu hula wakiwa wamevaa nguo za kulalia kwa kuwa wameshaoga, hakuna wa kuwaona, na mabuti ni kwa ajili ya mbu. Mzee hakucheka. Aliomba suti yake tu. Akaambiwa masanduku bado yako kwenye moshi wa dawa, yatatolewa kesho.

Hivyo ndivyo Mzee Elieza alivyoteremka kwa wakwe wa mwanawe na flana ya milia, joho la blanketi na mabuti ya mpira. Ngoma zikapungua zenyewe. Mjomba wa bibi harusi, mtu mpole, akamshika mkono wake kwa mikono miwili akauliza, "Samahani, mzee mwenzangu, haya ndiyo mavazi ya kwenu Upareni?"

Mzee akatazama ziwa, akanitazama mimi, akashusha pumzi.

"Ndiyo," akasema. "Ya wakubwa."

Wakampigia vigelegele.

Tuliporudi Shighatini aliniita uwanjani. "La nguo nimekusamehe, uliyasema uliyoyaona. La uji pia. Lakini umenifanya mimi, mzee wa kanisa, niseme uongo mbele ya umati. Kaa hapa misimu miwili ya kahawa bila kuvuka reli kule chini. Ukiweza, Nakunda ni wako."

Nilidumu msimu mmoja na nusu. Kisha nikasikia kuna wapimaji wanaelekea Jipe, nikajiambia nakwenda kuwaona tu na kurudi, nikavuka reli. Nakunda aliolewa Usangi na mtu anayelala kwake kila siku, na sina wa kumlaumu.

Ila nimeapa jambo moja na nimelishika. Mtu akiniuliza kama naumwa, hata homa ikiwa inanitetemesha meno, kwanza namweleza nimevaa nini na kwa nini.