Waliolazwa Nyuma ya Ghala la Bandari

Nyie vijana mnaotoka Mpanda mjini na Majimoto kuja kutazama ngoma pale bandari ya zamani, someni haya kwanza, soda mtakunywa baadaye. Mimi niliishia darasa la pili, kwa hiyo naandika kama ninavyosema.

Enzi zetu, kabla ya Uhuru, pale hapakuwa na jukwaa wala gesti wala maduka ya vinyago. Palikuwa na gati la mawe, ghala la mabati, na meli ya moshi iliyokuja ikipenda. Ikipiga honi, shule imekwisha. Mwalimu alibaki na fimbo yake. Tulikimbilia harufu ya mawese kutoka Kongo na ya samaki migebuka waliokaushwa. Tuliokota chumvi iliyomwagika kwenye magunia, tukailamba mpaka midomo ikapasuka. Nyie mkipewa biskuti mnauliza ni za jana au za leo. Tulicheza kombolela katikati ya mizigo, na aliyekamatwa aliruka majini kutoka gatini.

Mama alinikataza. "Ukiruka wewe, na mdogo wako ataruka." Mdogo wangu Leonsia alikuwa na miaka sita, alinifuata mpaka chooni. Siku moja nikaruka, nikaibukia upande wa pili, nikacheka na wenzangu. Nilipogeuka, pale gatini nilipomwacha Leonsia hapakuwa na mtu. Baharia mmoja alimtoa majini kesho yake.

Sasa desturi yetu ilikuwa hivi. Aliyekufa maji hakurudishwa nyumbani. Alizikwa palepale nyuma ya ghala, bila msalaba, bila jiwe, na jina lake halikutajwa tena mahali ziwa linapoonekana, maana maji yangemtaka mwingine wa nyumba ileile. Mtoto akinyoosha kidole kule, alichapwa. Padre alitukemea mpaka akachoka. Mama alirudi kutoka kumzika, akaondoa kibakuli cha Leonsia, akasonga ugali mdogo kuliko wa juzi. Hakunigombeza hata siku moja. Heri angenigombeza.

Miaka hii ya tisini wakaja watu wa mradi na ramani zao. Meli zilikuwa zimepungua, ghala limejaa popo. Walitaka pawe mahali pa utamaduni: ukumbi wa ngoma, makumbusho, maduka, vyumba vya wageni. Sikupinga, vijana walitaka kazi. Mkutano ukafanyika pale pale gatini. Mwenyekiti wa kijiji akasema, mwenye kaburi eneo hili ataje jina la marehemu, liandikwe, kaburi lizungushiwe uzio.

Nilikuwa nimekaa mbele, ziwa linaonekana. Jirani yangu mzee Kalinde, aliyemzika baba yake nyuma ya ghala, akaninong'oneza, "Dada, kumbuka wanao ni wavuvi." Jina la Leonsia lilikuwa mdomoni, nikalimeza. Kalinde naye akalimeza la baba yake. Mwenyekiti akauliza mara tatu, akatungoja, halafu akaandika kwamba eneo liko wazi.

Wachimba msingi walikuta mifupa siku ya pili. Wakaitia kwenye mifuko ya saruji, ya wakubwa na ya watoto pamoja, na padre akaizika katika shimo moja kando ya barabara. Nilimfuata fundi, nikamuuliza ipi ni ya mtoto wa miaka sita. Akavua kofia. "Mama, mngetuambia mapema." Nikaondoka.

Sasa taa zinawaka pale, watu wanakula chipsi, wanacheza juu ya mahali alipolazwa. Mjukuu wangu mmoja alirudi kutoka kwenye ufunguzi jasho linamtoka kwa furaha. "Bibi, pamechangamka! Nyie wazee mlikuwa mnaogopa maji bure." Zamani palinuka samaki, tulilala na njaa, na kila mmoja alijua wa kwake yuko wapi ingawa alikaa kimya. Leo panapendeza, na wa kwangu sijui ni yupi katika shimo la kando ya barabara.

Jioni ile ile niliwatoa wote nje, wanangu, wakwe na wajukuu, nikawapanga wakitazama ziwa. Nikawaambia, "Anaitwa Leonsia. Semeni kwa sauti, mmoja mmoja. Asiyesema, leo hali kwangu."